Mstari wa Kwanza ni wa Chini

Kwa miaka kumi na mmoja niliyomjua, Katibu hakukaa uso kwa uso na mtu aliyekuja kwake kurusha sarafu. Alimkalisha kwenye benchi la ukutani, jikoni kwake Rissne, pembeni mwa Stockholm, naye akajibana ubavuni mwake, karatasi ikiwa mbele yao wote wawili. Mara moja tu alihama akakaa upande wa pili wa meza, na siku hiyo mtu wa benchini nilikuwa mimi. Nitalifikia hilo. Kwanza nimweleze alivyokuwa, maana nikianza na hasira nitamwonea, na mtu huyu nilimpenda kama mzazi.

Ukatibu wenyewe ulikwisha zamani. Aliushika miaka mingi katika chama chetu, chama kilichoanzishwa na Watanzania waliokuja kusoma, kikaishia kuwa cha kila anayesema Kiswahili hapa Stockholm, Mrundi, Mkenya, Mkongo. Wengine walichaguliwa baada yake lakini jina halikumtoka. Hata Waswidi tuliofanya nao kazi walimwita hivyo, wakidhani ndilo jina alilobatizwa.

Mihtasari yake ya mikutano ilikuwa mizuri kuliko mikutano yenyewe. Mwaka mmoja wazee wawili walitukanana mpaka wakanyanyuliana viti, sababu ni ukumbi wa sherehe ya Uhuru. Mwezi uliofuata Katibu akavaa miwani, akatusomea: “Wajumbe walibadilishana mawazo kuhusu ukumbi.” Tulicheka sana, wale wawili nao wakacheka, ugomvi ukaishia hapo. Nilimhusudu kwa kipaji hicho. Haikunipitia akilini kujiuliza angeweza kuandika upya kitu gani kingine.

Sarafu zake zilikuwa tatu, senti kumi za zamani za Afrika Mashariki, zile zenye tundu katikati, amezitunga kwenye kamba ya kiatu. Alisema za Wachina nazo zina tundu, kwa hiyo hakuna kilichopungua. Ulitakiwa useme swali lako kwa sauti, lote, bila kuficha kitu. Kisha unazirusha mara sita. Kila mara zinakupa mstari mmoja, ama mzima ama uliokatika katikati, nawe unauchora kwa mkono wako mwenyewe. Mistari sita inafanya ishara moja. Ishara ziko sitini na nne, na kila moja ina maneno yake katika kitabu cha ramli cha Wachina wa kale.

Jambo moja alilishikilia kuliko yote. Mstari wa kwanza ni wa chini, na unapanda kutoka hapo, kama fundi anayejenga ukuta. “Ishara ina miguu na ina kichwa,” alikuwa akisema. “Ukiipindua, umemsimamisha mtu kwa kichwa halafu unamwuliza habari za nyumbani.” Ndiyo maana ya benchi lile. Watu wawili wakikaa upande mmoja wanaiona ishara ikiwa imesimama vilevile.

Alijifunzia wapi? Ilitegemea ulimwuliza mwaka gani. Mimi aliniambia alifundishwa na mpishi wa Kichina katika kambi ya reli, enzi za ujana wake, kwa siri, kwa sababu wakubwa wa mpishi hawakupenda mambo ya kale. Mwingine aliambiwa ni jirani Mchina aliyekutana naye chumba cha kufulia nguo. Kitabu chenyewe kilikuwa cha Kiswidi, na ndani ya jalada kimeandikwa jina la bibi mmoja tuliyemtunza ghorofa ya pili, katika nyumba ya wazee tulikofanya kazi, mpaka alipofariki. Nilipomwonyesha jina hilo akalitazama kama analiona mara ya kwanza, akasema, “Basi naye alikuwa na busara.”

Habari za ndoa na magonjwa alizikataa katakata. Alipokea vikwazo vya kazini tu. Jumanne alasiri, baada ya zamu yake, ulikuta viatu vya watu mlangoni.

Alikuja mama mmoja Mkongo, msafishaji wa vyumba hotelini. “Papa Katibu,” akasema, “chef wa kazi ananipatia vyumba kumi na sita, benzangu kumi na mbili. Nikisema, anasema niko mvivu. Vraiment, nimechoka.”

Katibu akaitazama ishara yake. “Maji yako mbele, mlima uko chini yako. Hapa mtu hapigi kichwa, mama. Anageuka nyuma kutafuta wenzake. Wenzako kazini ni akina nani?”

“Nani? Hapana mutu.”

“Chama cha wafanyakazi kipo. Andika idadi ya vyumba kila siku kwa wiki tatu, yako na ya wenzako, halafu upeleke.”

Akaandika, akapeleka, na vyumba vikalingana. Mwezi mzima alimletea Katibu mboga ya majani ya mihogo aliyoinunua sokoni Rinkeby.

Akaja pia Mkenya mmoja wa kompyuta, kijana nadhifu, akavuta kigoda akakaa mbele ya Katibu ili amwone usoni. Katibu akapigapiga benchi kwa kiganja. “Njoo huku. Hapo ulipo utaiona kichwa chini.” Yule akahama huku akicheka.

“Mzee, mimi nafanya job ya watu wawili, lakini promotion zinanipita tu.”

Ishara yake ilikuwa ya kisima. “Saa tatu wenzako wakinywa kahawa, wewe uko wapi?”

“Sina time ya kahawa.”

“Kisima cha ofisi ya Kiswidi ni mashine ya kahawa. Wenzio wanateka, wewe unakauka koo hatua mbili tu kutoka hapo.”

Utasema hiyo ni akili ya kawaida, haikuhitaji Mchina. Nami nilimwambia hivyo tukiwa tunaosha vikombe. Akanijibu taratibu: “Mwanangu, nikimwambia mimi, atabisha. Akiambiwa na karatasi aliyoichora mwenyewe, habishi.” Kisha akaongeza neno ambalo wengi wetu tulilichukua tukalitembeza: “Hii haikwambii yatakayokupata. Inakwambia umekaaje.”

Alikuwa na mikinzano yake. Jumapili aliimba besi kwaya ya kanisa, na mchungaji alipohubiri dhidi ya ramli, Katibu aliitikia amina kwa sauti kuliko wote. Aliwacheka wanaosoma nyota magazetini. Zaidi ya yote, hakujirushia sarafu mwenyewe. Nilimwuliza kwa nini. “Nikijirushia mimi, jicho linapendelea,” akasema. Nilidhani ni unyenyekevu.

Mimi alinipokea nikiwa sijui hata kununua tiketi ya treni. Nilikuwa peke yangu Rinkeby na binti wa miaka mitatu, baba yake amekwenda zake. Katibu ndiye aliyenikalisha kwenye benchi hilohilo akanifundisha kuandika barua ya maombi kwa Kiswidi. Ndiye aliyenipeleka kwenye nyumba ya wazee Farsta alikofanya kazi, akanionyesha namna ya kumgeuza mgonjwa kitandani bila kuumiza mgongo wangu wala aibu yake. Kila nilipokosea alisema, “Haya, tuanze tena, mwanangu.” Hakuna mtu aliyeniita mwanangu katika nchi hii ila yeye. Kuchora ishara alinifundisha pia. Kuzisoma alibaki nako mwenyewe.

Zamu yangu ilikuwa ya jioni, miaka nenda rudi. Binti alirudi kutoka shule akakuta sahani mezani imefunikwa kwa sahani nyingine, na kikaratasi juu yake: *Dakika mbili tu. Mama.* Ni dakika za kupasha moto. Jirani yetu Mrundi alipita kumchungulia, Mungu ambariki. Saa moja kamili simu yangu ilitetemeka mfukoni nikiwa nawalisha wazee wa watu, binti ananiuliza kwa Kiswidi nitarudi lini, kana kwamba jibu la leo lingekuwa tofauti na la jana. Nilijibu kwa Kiswahili: “Utakuwa umelala, mama.” Akakata bila kuaga.

Kwa hiyo nafasi ya mratibu wa ghorofa ilipotangazwa, niliiona kama mlango. Kazi ya mchana, Jumatatu mpaka Ijumaa, saa kumi uko huru. Binti alikuwa na miaka tisa. Meneja, mwanamama wa Kiswidi asiye na maneno mengi, alinisimamisha koridoni akasema angefurahi nikiomba. Mswidi akikwambia angefurahi, ujue amekwishaamua.

Nilikuwa na hofu. Lugha yangu ilikuwa bado inayumba, na kuna wenzangu waliokuwa kazini kabla yangu. Jumanne ile, siku yangu ya mapumziko kama kawaida, nikaenda Rissne. Nilifuata sharti, nikasema yote kwa sauti: nafasi, saa za kazi, mtoto, hata maneno ya meneja. “Niombe, au nisiombe?”

Katibu akazifungua sarafu kwenye kamba, akanipa. Nilijua aliwahi kuomba uratibu huo mara mbili miaka ya nyuma akakataliwa. Lakini alikuwa akisema mwenyewe kwamba hayo ameyaacha, anahesabu miaka ya kustaafu tu.

Nikarusha. Mistari mitatu ya mwanzo yote ilikatika. Wa nne ukawa mzima, wa tano ukakatika, wa sita mzima. Nikachora kutoka chini kwenda juu. Nilipoinua macho, Katibu alikuwa ameshasimama. Akazunguka meza, akavuta kigoda, akakaa mbele yangu. Nilidhani goti linamsumbua.

Aliitazama karatasi kutoka upande wake kwa muda mrefu. Hakuigeuza.

“Jua limezama chini ya ardhi,” akasema. “Ni ishara ya mtu mwenye taa katikati ya watu wasiompenda. Anaifunika.”

“Kwa hiyo nisiombe?”

“Funika taa yako, mwanangu. Wakati wako utakuja.”

Ijumaa, siku ya mwisho ya kuomba, ilipita. Meneja aliniuliza, nikamwambia si safari hii. Alinitazama kwa mshangao, akasema sawa. Wiki mbili baadaye alitukusanya akatutangazia mratibu mpya, na alikuwa Katibu.

Ninayoona aibu kuyasimulia ni haya. Nilifurahi. Niliona mzee wetu amepata heshima yake mwishoni, na jua langu lilizama ili lake lichomoze. Jumamosi nilipika pilau, nikaibeba kwenye sufuria mpaka Rissne, treni nzima ikinukia iliki. Akala sahani mbili. Akamwambia binti yangu, “Mama yako ana mkono wa baraka.”

Watu wameniuliza, mwanamke mzima, uliachaje kazi kwa ajili ya sarafu? Naelewa wanavyoshangaa. Sarafu sikuziamini sana. Nilimwamini yeye.

Alikuwa mratibu mzuri, hilo silikatai. Ratiba zilitoka kwa wakati, wazee walikuwa safi, hakumfokea mtu. Niliomba zamu za mchana mara ya kwanza, akasema ngoja kidogo, wapo waliotangulia. Niliomba mara ya pili na ya tatu, jibu ni lilelile, kwa sauti ileile ya upole. Miaka mitatu ikaenda hivyo. Siku ya kustaafu kwake tulikata keki ya krimu, na hotuba ya kumshukuru niliisoma mimi. Nililia katikati, wenzangu wakanipigia makofi.

Yaliyofuata yaliletwa na binti. Mwalimu wao aliwapa kazi ya kuandika kuhusu imani za kale, naye akaazima maktaba kitabu kilekile cha Wachina, kwa Kiswidi. Nikajidai mjuzi. Nikamtolea karatasi yangu kutoka droo ya vyeti, nilikoihifadhi, nikamwambia hiyo ni ishara ya jua kuzama.

Akafungua kitabu, akatazama, akatazama tena. “Nej, mama. Man läser nerifrån.” Halafu akajitahidi kwa Kiswahili, kitu anachofanya akiona jambo ni zito. “Inasomwa kutoka chini. Hii ni jua juu ya ardhi. Inapanda. Wamesema mtu anakwenda mbele, anapewa kazi kubwa.”

“Na jua kuzama?”

Akaishika karatasi akaigeuza, kichwa kikawa miguu. “Hii hapa.”

Nilikaa na karatasi ile jikoni mpaka binti akaniuliza kama naumwa. Nilitafuta kila njia ya kumtetea. Nilisema amezeeka, amesahau. Nilisema miwani. Nilisema goti, lilimfanya akae upande mbaya. Kisha nikamkumbuka yule Mkenya na kigoda, na kiganja kikipiga benchi. Kila utetezi niliouokota uliangukia hapo. Mtu aliyenifundisha kwamba ishara ina miguu aliinuka akazunguka meza nzima ili aione yangu kichwa chini. Pengine hakutaka kunidanganya waziwazi, akatafuta mahali pa kukaa ambapo uongo ungeonekana mbele ya macho yake kama kweli. Hilo liliniuma kuliko kama angesema tu, mwanangu, niachie mimi.

Mwezi uliofuata niliomba kazi ya mchana katika nyumba nyingine ya wazee, karibu na Rissne. Sikurusha kitu. Nikapata.

Nilimkuta mwaka huu, alasiri moja natoka kazini, katika mkahawa mdogo karibu na kituo cha treni cha Rissne. Alikuwa kwenye kiti kirefu cha ukutani, amepungua sana, mikono inatetemeka kiasi kwamba kikombe kilikuwa na mrija kama cha wazee wetu wa Farsta. Uso ukamchangamka aliponiona.

“Shikamoo, Katibu.”

“Marahaba, mwanangu. Njoo ukae huku.” Akapigapiga nafasi ya pembeni yake.

Nikavuta kiti, nikakaa mbele yake.

Akaniuliza habari, nikamweleza kazi mpya. “Ya mchana?” akasema. “Mungu mkubwa. Basi jioni sasa uko na mtoto.”

“Jioni mtoto ana mazoezi ya mpira wa kikapu. Ana miaka kumi na minne. Akirudi anaingia chumbani kwake na kufunga mlango.”

Nikatoa karatasi kwenye mkoba. Ilikuwa inakaa humo tangu siku ile ya kitabu, imekunjika mpaka inataka kuchanika. Nikaiweka mezani kama ilivyokuwa jikoni kwake, miguu ya ishara kwangu, kichwa kwake. Sikumwambia ni nini.

Hata miwani hakuvaa. Mkono wake ukanyooka, vidole viwili vikaishika karatasi pembeni na kuigeuza nusu mzunguko, mpaka ishara ikasimama sawasawa mbele yake. Mkono ulifanya hivyo wenyewe, kama mtu anavyorekebisha picha iliyopinda ukutani. Ndipo akaitambua. Akauondoa mkono haraka, akauficha chini ya meza. Akaniangalia, akajua kwamba nimeona.

Mashine ya kahawa ilivuma muda, ikanyamaza.

“Walikuwa wamenikataa mara mbili,” akasema.

“Najua.”

“Wewe ulikuwa kijana. Ungepata nyingine. Mimi sikuwa na muda.”

“Na binti yangu?”

Nilingoja. Namkubali kwa hilo, kwamba mara hii hakutafuta maneno ya kulainisha. Baadaye akaingiza mkono mfukoni, akatoa ile kamba ya kiatu na sarafu zake tatu, zikagonga meza. “Hizi nilipanga ziwe zako. Chukua. Au turushe upya, hapahapa. Tuanze tena, mwanangu.”

Nilipokuwa mgeni, maneno hayo yalinisimamisha kila nilipoanguka. Nilitamani sana yanisimamishe na siku hiyo. Nikatazama sarafu, nikaona mikono ya mzee mgonjwa, nikamhurumia, na huruma haikuondoa chochote. Nikakunja karatasi yangu.

“Swali langu nililiuliza, Katibu. Na jibu lilitoka.”

Nikamsukumia kikombe karibu, mahali mkono wake ungefika, kazi yangu imenizoeza hivyo. Nikatoka. Nikiwa mlangoni nikamsikia ananiita mwanangu, mara moja tu, si kwa nguvu. Miaka yote jina hilo lilinigeuza shingo. Nikaendelea kwenda kituoni.

Nilifika nyumbani saa kumi na moja kasoro, jua bado liko dirishani. Viatu vya michezo vya binti havikuwepo. Mezani palikuwa na sahani imefunikwa kwa sahani nyingine, na juu yake kikaratasi chenye mwandiko wake, kwa Kiswahili, neno kwa neno kama nilivyokuwa nikimwandikia: *Dakika mbili tu.*

Nikakaa nikala. Sikupasha moto.